Moshi wa Nyumbani Podgriče

Kambi ya wakimbizi, Styria
Banda la 46
Juni 20, 1915

Mdogo wangu Jernej,

Tumsifu Yesu Kristo. Karatasi hii ikikukuta mzima, nasi tutakuwa wazima, kwa kuwa hapa hatuna habari nyingine tunayoingoja. Mama hajambo, ila miguu inamvimba kwa kulala juu ya mbao tupu. Mwanangu Rezika hajambo. Jumapili iliyopita ametimiza miaka sita, na kila askari anayemwona humkamata suruali akamwuliza, "Unamjua Mjomba Jernej?" Juzi mmoja akamjibu, "Namjua, ana madeni ya sigara." Mtoto akalia, akasema mjomba wake si mtu wa hivyo. Baba ni yule yule. Hata Kaisari mwenyewe akimwambia asogee, atamwuliza asogee aende wapi. Anakusalimu sana.

Najua utakuwa umesikia kwamba Waitaliano nao wameingia vitani, lakini hujui ilivyokuwa kwetu. Ilikuwa Jumapili ya Pentekoste. Padri alisoma tangazo baada ya misa. Mwaka jana tu alitusomea kwamba mfalme wa Italia ni rafiki wa Kaisari wetu kwa mkataba na kwa kiapo. Baba akasema palepale mlangoni pa kanisa, watu wakisikia, "Hawa wafalme wanaoana na kuachana kila mwaka, na kila wakiachana sahani zinazovunjwa ni zetu."

Kesho yake askari polisi walipiga milango kwa vitako vya bunduki. Tulipewa saa mbili. Marjuta wa ng'ambo ya njia alibeba saa ya ukutani, akasahau nguo za mwanawe. Mama alikuwa na mikate tanurini, akakataa kutoka. Askari akamwambia, "Twende, bibi, mkate wako utaliwa na Waitaliano." Mama akasema, "Kama ni hivyo ningoje kidogo niutie chumvi zaidi."

Tulisafiri siku nne ndani ya behewa la ng'ombe. Ng'ombe wenyewe tuliwaacha. Hapa tuko watu elfu nyingi, mabanda yamepangwa kama majeneza, mia na zaidi kila banda. Chakula ni supu ya kabichi.

Usihangaike na nyumba. Ni mawe tu. Wewe jitunze huko kwa Warusi.

Dada yako,
Polona


Posta ya Jeshi
Agosti 29, 1915

Dada Polona,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa Baba na kwa bibi mdogo Rezika. Mwambie sina deni la sigara hata moja. Ni mimi ninayewadai watu. Mwili wangu mzima, masikio tu ndiyo yanavuma.

Sasa kaa chini. Siko tena kwa Warusi. Tulipandishwa treni mwezi Juni, tukashushwa, tukapandishwa mlima, na nilipoinua kichwa nikaona mto wetu Soča. Niko upande huu wa mto, juu, siwezi kusema wapi maana mkaguzi wa barua atapaka wino. Podgriče iko ng'ambo, mbele yangu, kama kitu kilichowekwa mezani. Waitaliano wanaishika.

Ilikuwaje? Kapteni wetu, Mhungari mmoja mwenye mafua ya kudumu, alisimama mbele ya kikosi cha mizinga akauliza, "Nani anaijua nchi hii?" Nikanyosha mkono kama mjinga. Nilisema nimevunja mawe katika machimbo yale miaka kumi na moja, najua kila ukuta. Basi nikatolewa kwenye kubeba makombora nikapewa darubini na simu. Kazi yangu ni kutazama na kusema. Wengine ndio wanaopiga. Avdo, Mbosnia ninayelala naye shimo moja, ananiita Macho. "Macho, leo umeona nini?" Namwambia nimeona kwetu. Anasema, "Una bahati. Mimi nikitazama kwetu naona mlima wa watu wengine."

Na nyumba imesimama! Mjozi, ule mti wetu mkubwa, umesimama. Paa la zizi limeanguka kidogo, la nyumba ni zima. Jambo moja tu linanikera, na usimwambie Baba maana litamchoma. Kila asubuhi mapema moshi unatoka kwenye bomba letu. Nyumba nyingine hazitoi, ni yetu tu. Washenzi wameona jiko zuri wakahamia. Wanakaa kwenye kiti cha Baba, nadhani, na wanachoma mbao za kitanda chake.

Mwambie Rezika anichoree kitu chochote nikitie kwenye kofia.

Nduguyo,
Jernej


Banda la 46
Oktoba 10, 1915

Jernej, Jernej, mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu na sijui nianzie wapi. Barua yako imekaa posta wiki tano kwa sababu kambi ilifungwa. Kuna surua kwa watoto na homa ya matumbo kwa wakubwa. Rezika ana kikohozi kidogo, si kitu. Mama hajambo, na leo amecheka, kitu ambacho sijakisikia tangu Mei.

Umesema moshi. Moshi kwetu, kila asubuhi mapema!

Jernej, yule ni Baba.

Nisamehe. Baba hakupanda gari. Askari walipokuwa wanahesabu watu, alishuka kwenye ghala la divai, chini ya nyumba, akanivuta mkono. Aliniambia, "Mimi sendi. Nikienda nani atamkamua Liska? Waende wanaogombana." Nikamlilia. Akaniambia, "Usimwandikie Jernej. Barua zinasomwa, nami nitatafutwa kama mhaini. Na yule kijana nikimjua, atatoroka jeshini aje kunichukua, watampiga risasi. Apa." Nikaapa, mkono juu ya pipa. Ndiyo maana nilikuandikia kwamba anakusalimu. Alikusalimu kweli, kwa mdomo wake, kutoka ghalani.

Sasa nimevunja kiapo kwa sababu ya furaha. Waitaliano hawawezi kuliwasha jiko letu! Bomba lake limepinda; mgeni akiwasha nyumba yote inajaa moshi, anatoka mbio anakohoa. Ni Baba tu anayejua kulibembeleza. Kwa hiyo wamemwacha, ama hawajamjali, mzee na ng'ombe wake. Mama amesema, "Niliwaambia! Mtu yule hafi, anatuchosha tu."

Tafadhali, waambie wenzako wa mizinga: nyumba yenye mjozi wasiiguse. Wewe ndiye macho yao, watakusikia. Na uniandikie kila ukiona moshi, hata neno moja. Mama anataka kuhesabu.

Polona


Posta ya Jeshi
Januari 17, 1916

Dada,

Salamu kwenu nyote. Hapa baridi. Barua yako ya Oktoba niliipata mwisho wa Novemba. Nimekawia kujibu kwa sababu ya kazi, na vidole vilikuwa vimeganda.

Siku hizi kuna ukungu, hatuoni ng'ambo.

Avdo amefuga panya, amempa jina la waziri wetu mmoja ambalo mkaguzi atalifuta, kwa hiyo silitaji. Theluji ni ndefu kuliko mtu. Chakula kinapanda na nyumbu, wakati mwingine nyumbu anaanguka bondeni nacho, wakati mwingine anafika yeye bila chakula, basi tunamla yeye. Nilimwomba kapteni anirudishe kwenye kubeba makombora. Akasema, "Humar, mtu mwenye macho kama yako habebi makombora." Nikaomba mara ya pili, akanipa siku tatu za kifungo.

Mama asihesabu moshi. Mwambie kuna ukungu.

Rezika vipi kikohozi? Hakunichorea.

Jernej


Banda la 46
Machi 12, 1916

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama anakusalimu. Marjuta naye, amemzika yule mtoto aliyemsahaulia nguo, na saa yake ya ukutani imesimama, lakini bado anaipangusa vumbi kila asubuhi.

Umeniuliza Rezika. Rezika hakohoi tena. Amelala vizuri, hasumbui mtu. Karatasi za kuchorea ni shida hapa. Surua imepita, banda letu sasa lina nafasi kubwa kuliko zamani, kila mtu anaweza kunyosha miguu.

Jernej, huo ni ukungu gani wa miezi mitano? Mimi nimezaliwa pale kama wewe. Ukungu wa Soča huondoka saa nne asubuhi. Mama amechukua uzi akaanza kufunga fundo moja kwa kila moshi ulioutaja, akafunga kwa siku zote za Agosti, halafu akasimama, na sasa anaushika uzi ule mkononi ananitazama. Ananiuliza, "Hajaandika?" Namwambia ameandika. "Amesema nini?" Namwambia amesema baridi.

Kama kuna kitu, niambie mimi. Kama hakuna, niambie kwamba hakuna.

Polona


Posta ya Jeshi
Septemba 3, 1916

Dada Polona,

Salamu. Utakuwa umesikia kwamba mji wa Gorica umeanguka mwezi uliopita. Tumerudishwa nyuma. Kutoka hapa nilipo sasa Podgriče haionekani, kuna mlima katikati, na usiulize tena habari za moshi.

Lakini ninayo habari. Tulimkamata Mwitaliano mmoja, akasema wazee wote waliokutwa vijijini mwaka jana walipelekwa Italia, kusini huko, kambini. Huenda Baba yuko huko anakula makaroni na kuwatukana. Jua ni kali upande ule, miguu yake ya uzee itapona. Basi Mama atulie.

Avdo amekufa Agosti. Alikuwa anachota maji. Nimebaki na yule panya, lakini haji kwangu, anamtafuta yeye.

Mbona umeniandikia habari za Rezika kama mtu anayelipwa kwa neno? Ameanza kusoma? Mwambie mjomba anataka barua yake mwenyewe, hata kama ni herufi tatu.

Jernej


Banda la 46
Februari 20, 1917

Mdogo wangu,

Nakuamkia kwa jina la Mungu, ingawa padri wetu wa hapa amekwisha kufa na aliyekuja hajui lugha yetu. Kaisari mzee naye amekufa, umesikia. Tuliwekwa mstari tumlilie, tukalia, kila mtu na wa kwake. Mkate sasa una unga wa mbao ndani. Mama amekonda, lakini ana nguvu ya ajabu, na nguvu hiyo umempa wewe.

Tangu ulipoandika habari za Italia halali. Tumeandika Msalaba Mwekundu mara nne. Ameomba nyuzi za mablanketi yaliyochakaa, anafuma soksi za Baba, akaniambia, "Kusini kuna jua, lakini sakafu za gereza ni baridi popote." Ameshafuma jozi sita. Majibu yalikuja mwezi uliopita: katika orodha za waliopelekwa Italia, Gašper Humar wa Podgriče hayumo. Mama akasema wamekosea herufi, Waitaliano hawajui kuandika majina yetu. Tumeandika tena.

Yule mfungwa wenu aliitwa nani? Alitoka kikosi gani? Aliwaona wazee kwa macho yake au alisikia? Niandikie yote. Nimekuuliza kwa upole mara tatu.

Rezika hajaandika.

Polona


Posta ya Jeshi
Novemba 8, 1917

Dada yangu,

Sikukusalimu kwa miezi kumi na minne, na sasa nakusalimu. Warusi wameangushana wenyewe kwa wenyewe, Amerika imeingia upande ule mwingine, hayo yote mmeyasoma. Mnamo Oktoba walikuja Wajerumani kutusaidia, wakaleta moshi wa sumu, Waitaliano wakakimbia hadi tambarare. Watu wanaimba. Vita vimekwisha hapa kwetu, wanasema, tumeshinda. Nilivuka mto tarehe 27 nikapanda Podgriče kwa miguu.

Hakuna mfungwa, Polona. Nilimtunga.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, na usiniache katikati. Ilikuwa Septemba 14, mwaka wa kwanza. Wiki mbili baada ya kukuandikia ile barua ya moshi. Kapteni alikuja shimoni kwangu, akatazama kwa darubini, akasema, "Humar, ile nyumba yenye mti mkubwa, mbona inatoa moshi na nyingine hazitoi?"

Nikasema, "Ni nyumba yetu, bwana kapteni."

"Kuna mtu wenu aliyebaki?"

"Hapana. Wote wako Styria. Ninayo barua ya dada yangu hapa mfukoni."

"Basi ni maofisa. Askari wa kawaida hawalali kwenye jiko." Akapenga mafua, akanitazama. "Utaona uchungu?"

Nikasema, "Ni mawe tu, bwana kapteni."

Kombora la kwanza lilianguka shambani kwa Marjuta. Mimi ndiye niliyesema kwenye simu: ongeza mita sitini, kushoto kidogo. Nilijua ni sitini kwa sababu nilizipima kwa hatua nilipokuwa mtoto. La pili liliupiga mjozi. La tatu, paa liliinuka lote zima, kama mtu anavyoinua kofia kusalimu, halafu likakaa chini. Watu wa mzinga walinipigia makofi. Avdo hakupiga. Alisema, "Nyumba ya baba haipigiwi makofi, Macho." Nikamwambia aache ushirikina. Mwisho wa mwezi nikapewa nishani ya shaba. Ninayo bado. Sijui mtu hukitupaje kitu kama kile.

Novemba ikaja barua yako.

Nilijidanganya, dada. Nilisema labda alikuwa zizini kwa Liska. Labda alitoka akachote maji. Miaka miwili nimemtoa nyumbani kila siku kwa sababu mpya. Ndipo nikamtunga yule mfungwa, nikamwamini mwenyewe, wakati mwingine nilimwona Baba akiota jua.

Nilichimba siku mbili. Alikuwa chini ya ngazi ya ghala, boriti imemlalia. Sitaandika zaidi, ila nilimjua kwa kiatu cha kushoto, kile alichokishona kwa waya. Pembeni yake kulikuwa na ndoo. Nadhani alikuwa anateremka na maziwa.

Nimemzika kwenye bustani, maana makaburini hakuna makaburi tena, ni mashimo juu ya mashimo. Nimemtengenezea msalaba na ubao, nikachonga vizuri, kazi yangu ni hiyo: Gašper Humar, amezaliwa 1851, amefariki Septemba 14, 1915. Sikupata padri. Nilisema Baba Yetu, nikafika kwenye "utusamehe" nikasahau yanayofuata, nikaanza upya mara kadhaa.

Kesho tunapelekwa mbele, mto Piave. Sina ombi lolote kwako.

Jernej


Banda la 46
Januari 6, 1918

Jernej,

Mama mzima. Mimi mzima. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye foleni ya supu, na ilipofika zamu yangu nikanyosha bakuli, nikapokea, nikanywa. Nakwambia ujue kwamba mtu anaweza.

Usijitwike peke yako. Ile barua iliyokuwa mfukoni mwako ni yangu. Ningeandika maneno manne tu, Baba amebaki ghalani, ungemwambia kapteni kuna mtu. Niliogopa mkaguzi. Niliogopa usije ukatoroka. Nilitunza kiapo mpaka siku ambayo hakikuwa na kazi tena, ndipo nikakivunja.

Nawe nikupe cha kwangu, tuwe sawa. Rezika alifariki Februari 2, 1916. Surua iliingia kifuani. Nilipokuandikia Machi kwamba hakohoi tena na amelala vizuri, sikusema uongo, kila neno lilikuwa kweli. Walizikwa kumi na mmoja siku ile, wanne katika sanduku moja kwa sababu walikuwa wadogo. Sikukwambia kwa kuwa ulimtaka kwenye kofia yako, na nilidhani mtu aliye kule juu anahitaji kitu kwenye kofia. Nilimwomba akuchoree kabla hajazidiwa. Alichora duara, akasema ni wewe, akachoka. Ile karatasi walituchomea pamoja na majani ya kitanda chake.

Mama nimemwambia kwamba umemkuta Baba na kumzika. Nikamwambia kombora lilikuwa la Waitaliano, siku zile walipokuwa wanaingia kijijini. Aliuliza kama aliteseka, nikasema hapana. Akafumua soksi jozi moja baada ya nyingine, akakunja uzi. Wewe nawe utasema hivyo hivyo mpaka unaingia kaburini: Waitaliano. Sote wawili tumeshajua kusema uongo. Tuseme na huu.

Wanasema masika tutarudishwa.

Polona


Podgriče
Julai 2, 1918

Jernej,

Nimesikia kwamba mwezi uliopita mlijaribu kuuvuka ule mto Piave mkashindwa, na kwamba wengi wamechukuliwa na maji. Sijui kama barua hii ina mtu wa kuipokea. Naandika kama yupo.

Tulirudi Aprili. Podgriče ni watu thelathini na mmoja. Tunalala ghalani, nimeezeka juu kwa mabati ya Waitaliano na mbao za handaki letu, vimekaa pamoja bila kugombana. Tumepanda viazi kidogo, lakini ukipiga jembe unasikia chuma, na mume wa mtu mmoja amepoteza miguu kwa kulima. Mjozi umebaki kisiki. Hakuna ng'ombe kijiji kizima. Liska hatukuona hata mfupa wake. Njaa ni ile ile ya kambini, ila hapa hakuna foleni.

Siku ya kwanza nilimpeleka Mama kaburini. Alipiga magoti, akapapasa ubao. Unajua hajui kusoma. Akasema, "Amechonga vizuri. Herufi zimeingia." Alikaa pale hata nikaogopa baridi. Nilidhani yamekwisha.

Mwezi Mei, Marjuta alikuja kuazima chungu kwetu, akasimama pale bustanini, akausoma ule ubao kwa sauti, kwa nia njema tu, ili kumwonyesha Mama kwamba anaomboleza naye. Alifika kwenye Septemba 14. Mama akamwambia, "Rudia." Marjuta akarudia.

Mama akanigeukia. "Polona, ulisema walipokuwa wanaingia. Waitaliano waliingia Juni."

Nikasema labda Jernej alikosea.

"Mtu hakosei akichonga," akasema. "Anachonga kile anachokijua. Sasa niambie, yeye alikuwa ng'ambo kule mlimani. Siku aliyokufa baba yake aliijuaje?"

Marjuta alikwisha kuelewa. Alichukua chungu chake, maana yake chetu, akaondoka bila kuaga.

Sikuweza, Jernej. Nilikuwa na uongo kumi kichwani na hakuna hata mmoja uliosimama. Nilikaa chini nikamweleza. Nikamweleza pia habari za kiapo na barua yangu. Nilipomaliza akainuka akaenda kung'oa magugu kwenye viazi, akang'oa mpaka jua likachwa, akang'oa na viazi vyenyewe.

Siku ya nne, tunakula, akasema, "Mwandikie asije hapa maadamu mimi niko hai."

Nikasema, "Mama, hakujua. Mimi ndiye niliyeficha. Kama ni kufukuza, nifukuze mimi."

Akanitazama, bila hasira, akasema, "Wewe nakuona kila siku. Inakutosha."

Nimengoja mwezi mzima nikidhani atabadilika. Kila Jumapili namwuliza kama niandike, naye anauliza kama bado sijaandika. Leo amenikalia mbele, kwenye jiwe, mikono magotini, ananingoja nimalize, na kwa kuwa hajui kusoma ananiangalia usoni ajue kama naandika aliyosema. Kwa hiyo naandika.

Usije, mdogo wangu. Maneno ni ya Mama. Mkono ni wangu, na sikuuzuia.

Polona